Futari ya Jumanne

Tangu utotoni mwangu, Jumatatu na Alhamisi hatukukaanga kitu mchana. Bibi wa chini alifunga siku hizo mbili kila wiki, sunna aliyoiona kwa mamake, na sisi wa ghorofani, ingawa ni Wakristo na asili yetu ni bara, tulilipanga jiko letu kwa kumfuata yeye, ili harufu isimteremkie. Jioni, adhana ya magharibi ikianza, ilikuwa kazi yangu kushuka ngazi na sahani iliyofunikwa kawa. Viazi vya nazi, muhogo, wakati mwingine tambi za sukari.

"Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu," Bibi alikuwa akiniambia huku akiipokea. "Mwambie mamako nimempa zake."

Ndivyo ilivyo katika mtaa wetu wa Mji wa Kale. Anayeleta futari ndiye anayeshukuru, na anayeila hajaomba kwa mtu.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Mama alipoletwa Mombasa akiwa bi harusi, hajui hata kukuna nazi, mwanamke huyu ndiye aliyemkalisha juu ya mbuzi ya kukunia na kumcheka mpaka akajua. Kwa hivyo Mama alimwita mama, mimi nikamwita Bibi, na yeye alituita mwanangu na mjukuu wangu, ila akikasirika sote tulikuwa "nyie watu wa bara". Mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi Uarabuni, na simu zake zilikuja kwa nadra, kisha kwa nadra zaidi.

Riziki yake ilikuwa mahamri na mbaazi za nazi. Kila asubuhi alikaa kwenye baraza mbele ya mlango, sufuria kubwa mguuni, na wateja wake walikuwa makarani wa ofisi ndogo za uwakala wa forodha zilizojaa vichochoro vya karibu. Walikula wamesimama, mafaili kwapani, wakikimbilia bandarini kutoa mizigo ya watu.

"Kula polepole," alikuwa akimwambia mmoja wao. "Ukitia doa hayo makaratasi, hilo kontena litaletwa kwangu, nami sina pa kuliweka."

Baba naye alikuwa karani, katika yadi ya makontena, upande wa pili wa kisiwa. Sikuwahi kufikiri kwamba Baba na mahamri ya Bibi ni kitu kimoja. Nilifika chuo kikuu, nikasomea uchumi, nikachora mishale kutoka kisanduku hadi kisanduku, na bado sikuwa nimefikiri hivyo.

Ilipotoka amri kwamba mizigo ipelekwe bara kwa reli na ushuru wake ukalipiwe huko huko, ofisi zile zilifungwa moja baada ya nyingine. Yadi ya akina Baba ikapunguza watu, naye akaifuata mizigo bara. Miaka ikapita, amri ikaondolewa. Redioni watu wa Mombasa walisikika wakishangilia, na mimi chuoni niliwaambia wenzangu kwamba mji wetu sasa utarudi kama ulivyokuwa. Haukurudi. Milango ile ilikuwa imeshageuka maduka ya kava za simu na manukato, na mingine ilibaki na kufuli zilizoshika kutu. Kule bara alikokuwa Baba, kazi nayo ikalegea, kwa sababu mizigo ilikuwa imeruhusiwa kurudi pwani. Alipoteza kazi kwa amri kuwekwa, akaipoteza tena kwa amri kuondolewa. Akabaki huko, akisema anangoja.

Unga, mafuta na gesi vikapanda vyote pamoja. Mahamri ya Bibi yakaanza kunywea.

"Bibi, mahamri siku hizi yazaliwa kabla ya miezi yao?" mteja mmoja alimtania.

"Na huo mfuko wako je, ulizaliwa lini?"

Watu walicheka. Lakini mbaazi zilikuja kupoteza tui zito, kisha zikapikwa siku moja moja, kisha sufuria kubwa ikaingizwa ndani. Alisema amechoka mgongo.

Hayo ndiyo niliyoyakuta niliporudi na shahada yangu. Nilituma maombi ya kazi kila mahali, na kila siku bila jibu niliyasoma upya maombi yangu nikitafuta neno lililowaudhi. Mwishowe nikapata kazi ya muda katika utafiti kuhusu jinsi familia zinavyostahimili kupanda kwa bei. Tulifundishwa katika ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kiyoyozi. Kila mmoja akapewa tableti yenye maswali, na mojawapo liliuliza kama katika siku saba zilizopita kuna mtu mzima wa nyumba hiyo aliyekosa mlo kwa sababu chakula hakikutosha.

Niliinua mkono. "Na kama mtu alifunga?"

"Kufunga ni ibada," mkufunzi alisema. "Hakukosa mlo, ameuacha mwenyewe. Jibu ni hapana."

Nilikubali. Lilikuwa jibu safi. Nililirudia njia nzima ya kurudi nyumbani mpaka likaanza kunitia wasiwasi, lakini vitu vingi hunitia wasiwasi nikivirudia, kwa hivyo sikulijali.

Jumanne moja, wakati wa alasiri, Bibi aliita kutoka chini ya ngazi, "Mwanangu, leo nimefunga." Mama alijibu, "Haya, Mama, Mungu aipokee," akaenda kumenya viazi.

Jumanne si siku ya sunna. Usiku ulipoingia nilikaa kitandani nikaanza kumtafutia sababu. Pengine analipa siku za Ramadhani alizokula akiwa mgonjwa. Pengine ni zile siku nyeupe za katikati ya mwezi, nikaenda dirishani kutazama kama mwezi umekaribia kujaa. Ulikuwa kama ukucha. Basi labda ni nadhiri, ya mwanawe. Wiki iliyofuata alifunga Jumanne na Jumatano pia. Nilipompelekea sahani nilijikaza nikamuuliza, kwa mzaha, anafunga saumu gani hiyo isiyopumzika.

"Nabii Daudi alifunga siku akala siku," alisema. "Mimi nimemshinda kidogo."

Alivunja tende katikati, akaila nusu, nusu akaifunga kwenye kitambaa. Sikuuliza tena. Nilijua maswali yote ya kuuliza, nilikuwa nimefundishwa hata namna ya kutobadilisha sauti, na bado niliona kwamba nikimuuliza kama ana chakula nitamnyang'anya kitu ambacho sitaweza kumrudishia. Watu wetu hukiita sitara. Mtu anaweza kuishi na njaa yake ikiwa imesitirika. Ikishaonwa na jirani, inakuwa njaa nyingine.

Nilimwambia Mama. Alikuwa kwenye cherehani, akipunguza sare ya shule ya mtoto wa mtu.

"Mama, Bibi hafungi. Bibi hana chakula."

Hakuinua macho. "Amesema amefunga."

"Lakini siku zote hizi—"

"Amesema amefunga," alirudia. "Wewe wataka aseme nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alijua tangu mwanzo, kabla sijaanza kuutazama mwezi.

Kazini hatukuruhusiwa kuhoji mitaa yetu wenyewe. Mimi nilipelekwa Kizingo, kwa matajiri, ambako nilizungumza zaidi na mageti kuliko na watu, kisha nyuma ya Marikiti, kwenye vyumba vya wapagazi na wauza mboga. Wa Marikiti walisema wazi: jana hatukula, andika. Mmoja alicheka akaniuliza, "Na wewe, dada, umekula?" Nikamwambia swali hilo halimo. Kichochoro chetu alipewa kijana mwingine, na alipofika chini kwa Bibi mimi nilikuwa juu ya ngazi, nikijua haifai kusikiliza, nikisikiliza.

"Katika siku saba zilizopita, kuna siku ulikosa mlo kwa sababu chakula hakikutosha?"

"Hapana, mwanangu. Alhamdulillahi."

"Kuna siku ulikaa kutwa bila kula?"

"Nilikuwa nimefunga."

Kidole kikagusa kioo. Kisha akapanda kwetu, na Mama, aliyemkaribisha kwa maji ya baridi, alijibu hapana, hapana, na hapana, kwa adabu kubwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nilianza kusema moyoni kwamba Mama anadanganya, kisha nikajiuliza anadanganya nini hasa. Sisi tulikuwa tukila. Ni kweli kwamba chai ya asubuhi ilikuwa ya rangi na kipande cha mkate, na mchana Mama alisema joto limemkata hamu, nami kwa kweli mchana nilikuwa kazini. Chakula chetu cha kupikwa kilikuwa kimesogea mpaka jioni. Nilidhani ni kwa sababu ya joto. Ninaweza kufikiria jambo usiku kucha na bado nisilione likiwa mezani.

Utafiti ukaisha, tableti tukazirudisha. Nyumba ile yenye ghorofa moja, chini na juu, ikaingia katika hesabu za nchi ikiwa haijambo.

Bibi alianguka mchana wa Alhamisi, mlangoni pake, akiwa na ufagio mkononi. Nilisikia kishindo, nikateremka nikamkuta amekaa chini, jasho linamtiririka, maneno yanamgongana. Ana ugonjwa wa sukari tangu zamani, na vidonge vyake huvimeza kwa uaminifu ule ule anaouweka kwenye sala. Tukamtia kwenye tuktuk, Mama amemkumbatia, tukaenda naye zahanati.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye hijabu ya buluu na sauti ya mtu aliyeyasema hayo kwa wengi. Alimtoboa kidole, akampa maji ya sukari, akangoja macho yake yatulie.

"Bibi, unameza vidonge huku umefunga?"

"Navimeza usiku."

"Sukari yako imeshuka mno. Ukifunga tena utatuletea maiti. Mungu amekuruhusu ule, na faradhi yenyewe umesamehewa, sembuse sunna. Wataka kuwa mkali kuliko Mungu?"

Bibi alitabasamu kidogo. "La. Siwezi."

"Basi hakuna kufunga. Kula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Umenielewa?"

"Kidogo kidogo ndivyo nilavyo."

Muuguzi alidhani amekubali, akamgeukia Mama. "Msimwache afunge."

Mama alisema hatutamwacha. Tukapanda tuktuk kurudi. Nilimtazama Bibi akiangalia kuta za nyumba zinazopita, na nikaona kile ambacho muuguzi, kwa wema wake wote, asingeweza kukiona: alikuwa amemkataza chakula chake cha pekee. Asipofunga hana futari. Asipokuwa na futari, sahani yetu ikiteremka ngazi itakuwa sadaka, na sadaka hakuwahi kuipokea kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kukuna nazi.

Siku iliyofuata Mama alinituma na sahani saa sita mchana. Bibi aliitazama bila kuifunua.

"Hii ya nini?"

"Mama amepika nyingi."

"Mrudishie aweke ya kesho. Mimi nimeshakula."

Jiko lake lilikuwa baridi. Niliona jivu la zamani, limeganda. Nilisimama na sahani yangu nikitafuta uongo mwingine, lakini mimi si hodari wa uongo wa papo kwa papo. Uongo wangu huja kesho yake, ukiwa umepangwa vizuri na haufai tena. Nikapanda nayo.

Siku chache zikaenda hivyo. Mama alijaribu kumwambia ampikie wali, ati yeye mtu wa bara wali wa nazi humshinda. Bibi alimjibu kwamba mtu aliyekaa Mombasa mpaka nywele zikaanza mvi, na wali ungali unamshinda, basi na arudi kwao. Alisema kwa mzaha, lakini mchele hakuupokea. Mimi nilipita mlangoni pake mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikisikiliza kama anakohoa, kama anavuta kiti. Nikipita na pakiwa kimya nilijiambia amelala, nikifika juu najiambia hajalala, nateremka tena.

Jumanne, wakati wa alasiri, sauti yake ikapanda ngazi.

"Mwanangu. Leo nimefunga."

Mama alikuwa ameshika kisu na kitunguu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusikia maneno yale yakikosa jibu, na chini sikusikia Bibi akiondoka, kana kwamba angali anangoja akiwa ameshika reli ya ngazi.

"Usimpelekee," nilinong'ona. "Ukimpelekea jioni, ataendelea kufunga."

"Nisipompelekea atakula nini?"

"Atakufa kwa kufunga, Mama. Muuguzi amesema."

"Na asipofunga?"

Nilikuwa na shahada iliyojaa mishale, na mishale yote ilirudi mahali pamoja. Mama alikiweka kile kitunguu chini, nusu kimekatwa. Aliupakua wali uliokuwa umekaribia kuiva, akamimina juu yake mchuzi wa papa mkavu, akachukua sinia badala ya sahani. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Akasema, "Lete maji ya kunawa," akateremka.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake kidogo. Alipoliona lile sinia alikunja uso.

"Magharibi bado."

"Najua," Mama alisema. Akaliweka sinia juu ya mkeka, akaketi kando yake, miguu amekunja, kama alivyofundishwa katika chumba kile kile. "Mama, nimekuja kukwambia jambo. Mume wangu hajatuma kitu tangu masika. Kule hana kazi. Hajaniambia, lakini mtu aliye kazini hapigi simu saa nne asubuhi kuuliza habari ya hali ya hewa. Sare za shule watu hawashoni mpya, wanateremsha pindo tu. Mimi na huyu twapika mara moja kwa siku, na hiyo mara moja ndiyo futari yako. Ulipoanza kufunga kila siku, nilishukuru, kwa sababu nilipata sababu ya kungoja jioni."

Nilikuwa mlangoni na birika la maji. Nilitamani niwe mahali pengine popote. Mama hakuwa amemwambia hayo dada yake, wala mchungaji, wala mimi. Mtaani alikuwa mke wa karani wa yadi, mumewe kahamishiwa bara kwa kazi kubwa zaidi. Aliivua sitara yake pale sakafuni, mchana, mlango ukiwa wazi, mikono ameificha chini ya leso.

"Siwezi kukutunza," aliendelea. "Siji kukupa sadaka, sina. Nataka chungu kiwe kimoja, hapa chini, mchana. Makaa yako na gesi yangu, na unga akipata yeyote. Peke yangu nimeshindwa."

Mtu alipita nje na mkokoteni, magurudumu yakigonga mawe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ungeniambia?"

Bibi alimtazama Mama, kisha akanitazama mimi, nikainamisha macho kwenye birika. Sijui alifikiri nini. Nimejaribu kukijua tangu siku ile na kila mara napata kitu tofauti: kwamba alimhurumia Mama, kwamba alimkasirikia kwa kuusema wazi umaskini wa nyumba zote mbili, kwamba alikuwa na njaa tu. Alinyoosha mikono yake. Nikammiminia maji.

"Bismillahi," alisema, akamega.

Alikula polepole, akitafuna kila tonge kwa makini kama anayeonja mapishi ya mtu mwingine. Katikati alisema chumvi imezidi. Mama akasema papa ndivyo alivyo. Akasema papa hulowekwa, yeye alimfundisha kumloweka. Mama akasema hakukuwa na wakati. Nilitia mkono nami, na nilipofika tonge la tatu niliona sehemu ya chini ya sinia inakaribia kuonekana, na wote wawili wamepunguza mwendo, kila mmoja akimsukumia mwenzake kipande. Niliacha. Bibi akanigonga kiganja, akasema vijana wa kisasa hawajui kula, nami nikala tena, kwa sababu kukataa kungekuwa kuwahesabia matonge.

Wali haukutosha. Bibi alikunywa maji mengi, akameza kidonge chake, akalala pale pale kwenye mkeka, na Mama akamfunika kwa ile leso.

Jioni Baba alipiga simu. Mama alitoka nayo kwenye veranda, lakini veranda yetu ni ndogo na sauti ya Baba ni kubwa.

"Mmekula?" aliuliza.

"Tumekula vizuri," Mama alisema. "Wali na papa. Tulikula na Mama wa chini. Na wewe?"

"Mimi nimeshiba mpaka sijiwezi," Baba alisema. "Huku chakula ni kingi."

Mama akasema ashukuriwe Mungu. Hakuna aliyeikata simu, salio likiendelea kuisha.